Kitabu na Umri wa Kusoma: Kumtafutia Mwanafunzi wa Meru na Embu Kitabu Atakachokimaliza

Mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari huulizwa maswali mengi na wanafunzi wake, lakini lipo moja ambalo huulizwa kwa nadra mno: "Mwalimu, nisome nini baada ya hiki?" Katika miaka minne ya kwanza ya ualimu wangu sikuulizwa swali hilo hata mara moja. Niliulizwa dondoo litatoka sura ya ngapi. Niliulizwa ni mwongozo upi ulio bora madukani. Niliulizwa pia, tena na wanafunzi waliokuwa wakipata alama nzuri, iwapo ni lazima mtu asome riwaya yenyewe ikiwa ameshausoma mwongozo wake.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna mwalimu anavyoweza kumtafutia mwanafunzi kitabu cha ziada atakachokifurahia na kukimaliza. Hoja yetu ni kwamba kidato si kipimo cha kitabu. Mwanafunzi ana umri wa miaka na ana umri wa kusoma. Umri huu wa pili ndio unaopasa kuongoza uteuzi, na utanzu utakaomvuta haujulikani mpaka ajaribishwe. Mifano inatokana na shule mbili nilizofundisha: moja ya kutwa na ya mseto huko Mbeere, sehemu ya chini ya Embu ambako mvua ni haba na karo hulipwa kwa muguka, nyingine ya bweni ya wasichana, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru.

Vitabu teule na msomaji wa kufikirika

Kila kizazi cha watahiniwa hukumbuka vitabu vyake. Sisi tulikuwa na Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Waliotufuata walikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Kisha ikaja zamu ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Kigogo ya Pauline Kea, na baada ya hapo Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Arege. Hatuna ugomvi na vitabu hivi. Kasoro ni kwamba vyote huteuliwa kwa ajili ya msomaji wa kufikirika: mwanafunzi ambaye tayari amepitia hadithi nyingi nyepesi, anayejua kwamba mwandishi anaweza kuanza hadithi katikati, na ambaye hatishwi na ukurasa usio na mazungumzo.

Darasani kwangu Mbeere, msomaji wa aina hiyo alikuwa mmoja kati ya kumi, na huenda natia chumvi. Wengi walizungumza Kimbeere nyumbani, wakakisikia Kiswahili redioni na sokoni, kisha wakakutana nacho shuleni kama somo la ngeli na insha. Hali hii si ya Mbeere pekee. Tathmini za Uwezo, zilizoanzishwa mwaka wa 2009, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi nchini hupanda madarasa bila kuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao hawapotei. Hukua, wakajiunga na shule za sekondari, wakaketi mbele yetu.

Tuchukue Chozi la Heri. Aghalabu walimu hulalamika kwamba msamiati wake ni mzito. Uchunguzi wangu ni tofauti. Wanafunzi niliowafundisha hawakukwama kwenye neno. Walikwama kwa sababu riwaya inamkuta Ridhaa baada ya msiba, inarudi nyuma, inakuja mbele, inamwacha na kuwafuata wengine, na wahusika ni wengi kiasi kwamba msomaji asiyezoea hulazimika kuandika majina pembeni. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumaliza hadithi inayoanza mwanzo na kuishia mwisho ana haki ya kupotea humo. Anapopotea hukimbilia mwongozo, na hatuwezi kumlaumu.

Umri wa kusoma

Umri wa kusoma ni kiwango cha matini ambayo mtu anaweza kuisoma peke yake, akaielewa, na akatamani kuendelea. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwanafunzi anaweza kuielewa aya kwa kusukumwa na mwalimu, lakini kitabu cha ziada hasukumwi na mtu.

Kipo kipimo cha vidole vitano ambacho walimu wengi wa shule za msingi wanakijua. Mwanafunzi afungue ukurasa wowote wa katikati, ausome kimya, na akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado ni kizito kwake. Kipimo hiki kinafaa, ila nimelazimika kukiongezea jambo moja. Kiswahili hunyambua maneno, na mwanafunzi anaweza kujua kila mzizi na bado asijue nani amefanyiwa nini na nani. Kwa hiyo baada ya vidole namwomba anisimulie ukurasa huo kwa maneno yake. Akisimulia matukio kwa mpangilio, kitabu ni chake. Akiniambia tu kwamba "ni mambo ya mapenzi" au "ni mambo ya vita", namtafutia kingine.

Uzito wa kitabu hautokani na kitu kimoja, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyeandika insha zilizowashangaza walimu wenzangu. Nilimpa Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Niliiona ni kijitabu chembamba na yeye ni hodari; nikadhani ataimaliza kwa wikendi moja. Alikirudisha baada ya siku mbili, akakiweka mezani kwangu, akasema "asante mwalimu", na muhula ule wote hakuazima kitabu kingine. Nagona, iliyotoka mwaka wa 1990, imeachana na ploti ya kawaida, inaongea kwa mafumbo ya kifalsafa, na hata wahakiki wazoefu huisoma mara mbili tatu. Wembamba wake ulinidanganya. Lau ningempa Rosa Mistika au Kichwamaji za mwandishi yuyo huyo, labda angemzoea kwanza.

Kwa upande mwingine, vipo vitabu vinene ambavyo ni vyepesi. Kuli ya Adam Shafi (1979) ni mfano mzuri. Inasimulia maisha ya Rashidi, kijana anayeingia katika kazi ya ukuli bandarini Zanzibar, hadi mgomo wa makuli wa mwaka wa 1948. Matukio yanafuatana jinsi yalivyotokea, sentensi ni fupi, na kila sura ina jambo linalofanyika. Kijana wa Mbeere hajaona bandari, lakini anajua mzigo mgongoni ni nini na anajua ujira mdogo ni nini. Wavulana watatu wa kidato cha pili waliisoma kwa zamu, na mmoja wao alikuwa bado anakosea ngeli ya KI-VI.

Baina ya hivyo viwili kuna vitabu vyenye sura ya urahisi ambavyo vinahitaji msaada mdogo tu wa mwalimu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) ni hadithi fupi yenye ladha ya Alfu Lela Ulela, lakini Kiswahili chake ni cha adabu ya zamani, na mwanafunzi huona kama anahutubiwa. Dawa niliyoigundua ni kuwasimulia mwanzo kwa mdomo: yupo liwali mwema, mpole kwa wanyama wote, ambaye kila usiku huwacharaza viboko manyani wawili. Nikifika hapo nanyamaza. Wakitaka kujua manyani hao ni nani, kitabu kipo.

Aibu ya jalada

Kuna kikwazo ambacho hakiandikwi katika vitabu vya mbinu za kufundishia, nacho ni aibu. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, hodari wa hisabati, alikuwa na umri wa kusoma wa darasa la nne au la tano hivi. Nilimpa Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, hadithi ya wavulana wanaoota kwenda Marekani, iliyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa shule za msingi. Kilikuwa kitabu kilichomfaa kabisa. Wenzake waliona picha ya jaladani, wakakiita kitabu cha nasari. Siku iliyofuata nilikikuta juu ya meza yangu. Hakutaka hata kunikabidhi mkononi.

Wiki ile nilifunika kila kitabu kilichokuwa katika kabati letu kwa magazeti ya zamani ya Taifa Leo, kama tulivyofunika madaftari yetu tulipokuwa wadogo. Vyote arobaini na kitu. Juu ya gazeti niliandika nambari tu. Kuanzia hapo hakuna aliyejua mwenzake anasoma kitabu cha watoto au cha watu wazima, labda amwulize. (Baadhi ya wasomaji walianza kwa kusoma jalada lenyewe: Juha Kalulu, kikatuni cha Edward Gitau, kilikuwa kimeangukia upande wa juu wa nambari 17, na kitabu hicho kikawa kinagombaniwa kwa sababu hiyo tu. Nami nikahesabu hilo kuwa kusoma.)

Kijana wetu alichukua Ndoto ya Amerika tena, kimyakimya. Akaimaliza. Akapewa Kisasi Hapana ya mwandishi huyo huyo. Muhula wa tatu alifika Siku Njema, riwaya ya mwaka wa 1996, ambayo inamfuata Msanifu Kombo kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta babake. Sikumwambia kwamba riwaya hiyo iliwahi kuwa kitabu teule cha sekondari. Aliisoma kwa majuma saba. Alipoirudisha aliniuliza iwapo mwandishi angali hai. Nilimwambia alifariki Nairobi mwezi wa Aprili mwaka wa 2020, katika ajali ya barabarani. Akasimama kidogo, kisha akauliza swali nililokuwa nikilisubiri kwa miaka mingi: sasa asome nini?

Walibora anastahili kutajwa kwa sababu nyingine ya kimatumizi. Ni miongoni mwa waandishi wachache wa Kiswahili ambao mwanafunzi anaweza kukua nao bila kubadilisha sauti: kutoka hadithi za watoto hadi Siku Njema, kisha Kufa Kuzikana (2003), Kidagaa Kimemwozea (2012), na tawasifu yake Nasikia Sauti ya Mama. Msomaji mchanga humwamini mwandishi kabla ya kuuamini utanzu.

Riwaya pendwa na mapengo ya msomaji

Wahakiki wetu wamezoea kutenganisha riwaya dhati na riwaya pendwa, na katika mgao huo hadithi za upelelezi huangukia upande wa pili, upande usiotahiniwa. Tulipokuwa chuoni tulizisoma kwa ajili ya historia ya riwaya tu. Nadhani mwalimu wa sekondari hana uwezo wa kuwa na madaha hayo.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka wa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, mvutaji kiko, ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes wa Conan Doyle, lakini anapeleleza Zanzibar, miongoni mwa watu wanaoamini mizimu, naye anawaonyesha kwamba nyuma ya mzimu kuna mkono wa mtu. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo. Wasichana wa shule ya Meru walizipenda kuliko nilivyotarajia. Lahaja ya Zanzibar iliwasumbua kwa kurasa kumi za kwanza, kisha wakaacha kulalamika.

Kwa nini? Wolfgang Iser, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, anaeleza kwamba matini ya kifasihi ina mapengo ambayo msomaji hujaza, na kwamba kule kujaza ndiko kusoma kwenyewe. Hadithi ya upelelezi hufanya mapengo hayo yaonekane waziwazi: nani aliua, alipitia wapi, kwa nini anadanganya. Msomaji mchanga hajui kwamba anajaza pengo. Anajua tu kwamba anabahatisha muuaji. Lakini mwanafunzi aliyezoea kumshuku kila mhusika wa Bwana Msa anapofika kwenye Kigogo au Nguu za Jadi huuliza mwenyewe: huyu anasema hivi kwa nini, na anaficha nini? Hayo ndiyo maswali tunayoyaita uhakiki wa wahusika, na tunahangaika kuyapandikiza kwa maelezo ubaoni.

Kwa wavulana wanaotaka mbio zaidi kuliko fumbo, zipo kazi za Elvis Musiba zenye mpelelezi Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), na zile za Ben Mtobwa zenye Joram Kiango. Hapa tahadhari inahitajika. Baadhi yake zina damu nyingi, na baadhi zina vitanda vingi. Mimi huzisoma kwanza, tena hadi mwisho, somo ambalo nilifunzwa na mzazi.

Mama huyo alikuja shuleni Meru siku ya kuwatembelea wanafunzi, akiwa na Rosa Mistika ndani ya leso. Binti yake alikuwa ameipeleka nyumbani wakati wa likizo fupi. Nilijua historia ya riwaya hiyo: ilitoka mwaka wa 1971 na ikapigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya jinsi inavyoeleza mahusiano ya Rosa na wanaume. Nikajitayarisha kutoa hotuba. Mama akaniuliza, "Mwalimu, kitabu hiki umekisoma mpaka mwisho?" Nikajibu kwamba nimekisoma. Akasema, "Mimi pia nimekisoma. Nililala saa nane. Ungenipa mimi kwanza, ndipo tukisome na huyu." Hakuwa na malalamiko zaidi ya hayo. Alitaka kuwa karibu binti yake atakapofika mahali pale baba mlevi anapomwadhibu Rosa kwa sababu ya barua, na atakapofika kwenye yale yaliyofuata. Tangu siku hiyo nina vitabu vitano au sita ambavyo siviazimi bila kuongea na mwanafunzi kwanza, na pale inapowezekana na mzazi.

Tamthilia: kusoma kwa sauti ya wenzako

Kwa msomaji dhaifu wa umri mkubwa, hakuna utanzu unaomfaa kuliko tamthilia. Sentensi zake ni za mazungumzo, ukurasa una nafasi nyeupe nyingi, na anaweza kupewa mhusika mwenye maneno machache akawa sehemu ya usomaji bila kuaibika. Shule zetu zimezoea tamasha za maigizo, hivyo wanafunzi wanajua tayari kwamba maandishi hayo yanaweza kusimama na kutembea.

Katika eneo letu tuna bahati ya kuwa na Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka. Kifo Kisimani (2001) haisomwi tena kwa ajili ya mtihani, na hilo ndilo limeifanya ipendeze upya. Katika nchi ya Butangi, Mtemi Bokono na watu wake wanakidhibiti kisima. Mwelusi anadai haki ya wengi. Na anayemwua hatimaye ni ndugu yake, Gege, aliyeahidiwa binti wa mtawala. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kwamba kisima ni ishara ya raslimali za taifa. Ni kweli. Lakini nilipoisoma na darasa la Mbeere, msichana mmoja ambaye huamka saa kumi usiku kwenda mtoni hakuhitaji ishara yoyote. Alitaka kujua kisima kiko umbali gani na foleni inapangwaje. Tulikaa kwenye swali hilo kwa kipindi kizima, na ishara ikajileta yenyewe kipindi kilichofuata.

Natala (1997) ya mwandishi huyo huyo ina uzito mwingine. Mjane anayekataa kurithiwa, na shemeji anayelitolea macho shamba: hakuna kijiji cha Meru ambako mambo hayo hayajulikani. Nashauri isomwe katika kidato cha tatu kwenda juu, si kwa ugumu wa lugha, bali kwa sababu mara nyingi kuna mwanafunzi mle darasani ambaye mamake ndiye Natala. Mwalimu akijua hilo mapema atachagua vizuri nani asome sehemu ya nani. Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein (1988), inayotokana na mvutano wa mazishi ya wakili S. M. Otieno, nayo ni ya wakubwa, na hupendwa sana na wale wanaofikiria kusomea sheria.

Tanzu nyingine kwa ufupi

Ushairi una jina baya miongoni mwa wanafunzi kwa sababu hukutana nao kama hesabu ya mizani na vina. Mashairi huru ya Kithaka katika Mchezo wa Karata na Bara Jingine huondoa hofu hiyo haraka. Kwa mashairi ya arudhi mimi huanza na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), lakini nasimulia kwanza jinsi yalivyoandikwa: kijana aliyefungwa miaka mitatu kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Wakishajua hivyo, mizani huwa haiwatishi.

Wapo wanafunzi wasiopenda hadithi za kubuni. Huwauliza, "Kwani haya yalitokea?" Hao wapewe maisha ya watu. Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert (1958) ni mfupi na unawavutia wanaopenda muziki. Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi (2013) ni safari ya kijana anayetoroka Zanzibar akitaka kufika Ulaya, na wavulana huisoma kama riwaya ya visa na mikasa.

Tafsiri zisidharauliwe. Njia Panda, tafsiri ya The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, inagusa tohara, shule na dini katika vijiji vinavyofanana kabisa na vyetu, na mwanafunzi aliyeisikia kwa Kiingereza hushangaa kuiona karibu namna ile. Shujaa Okonkwo na Shamba la Wanyama zinafaa vidato vya chini. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2022, ni ya msomaji aliyekomaa, lakini jina la mshindi wa Nobeli wa 2021 lenyewe hufungua mlango. Ama riwaya za kifantasia na za majaribio, kama Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), hizo zimewafaa wanafunzi wachache sana kwangu. Nimezibakiza kabatini kwa ajili ya wachache hao.

Vitabu vyenyewe

Mwenzangu atauliza fedha zinatoka wapi. Kabati letu la Mbeere lilianza na vitabu tisa, saba vikiwa vyangu vya chuoni. Vingine vilitoka kwa wanafunzi waliomaliza kidato cha nne, ambao tuliwaomba waache kitabu kimoja cha hadithi kila mmoja badala ya kuviuza vyote. Vitabu teule vya zamani hupatikana kwa bei ya chini kwa wauzaji wa mitumba mjini Embu na Meru pindi tu vinapoacha kutahiniwa; huo ndio wakati wa kununua. Vitabu vinavyochapishwa Tanzania huwa adimu katika maduka yetu, ambayo huishi kwa vitabu vya kiada. Mwenye safari ya Nairobi au Mombasa aombwe. Maktaba za umma za Embu na Meru zina rafu ya Kiswahili ambayo, nilipoipekua mara ya mwisho, ilikuwa na vumbi la kutosha kuonyesha kwamba hatuwapeleki wanafunzi huko.

Mtaala wa umilisi, uliofika sekondari msingi Januari 2023, umetaja kusoma kwa mapana kama sehemu ya somo, jambo ambalo linampa mwalimu kisingizio cha kutenga kipindi. Kipindi kimoja kwa juma kimenitosha. Wanafunzi husoma, nami nasoma nao, kitabu changu kikiwa kimefunikwa kwa gazeti kama vyao. Siwaulizi maudhui wala mbinu za lugha. Anayerudisha kitabu huandika sentensi moja tu katika daftari la kuazimia, ili anayefuata aione. Sentensi hizo ndizo zinazochagulia wengine vitabu kuliko mimi. Kuhusu nambari 9, ambayo ni Siku Njema, mmoja ameandika kwamba usianze kuisoma siku yenye mtihani wa hisabati. Kuhusu nambari 31, Duniani Kuna Watu, mwingine ameandika jina la mhusika anayemshuku, na chini yake mikono minne tofauti imeandika: "Hapana."